Mjadala wa Kundi: Acha Nafasi kwenye Karatasi Yako

Walikuwa sita, wamegeuza madawati yakatazamana karibu na dirisha. Ubaoni niliandika swali moja: Nani alaumiwe kwa kuungua kwa karatasi za sensa? Kidato cha tatu walikuwa wamemaliza kusoma Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthiliya ya Edwin Semzaba, na mjadala ule wa dakika 20 ulikuwa na maksi zake katika alama za maendeleo za muhula. Nilivuta kiti nikakaa nje ya duara lao, karatasi ya alama mapajani.

Kijana aliyekaa kushoto alikuwa kipanga wa darasa. Wiki nzima nilimwona wakati wa prepo akitembea nyuma ya bweni, anasoma kwa sauti. Alikuwa ameandika kurasa tatu na kuzimeza zote. Bahati mbaya, mwenzake aliyetangulia kusema akaitaja hoja yake ya kwanza, kwamba Ngoswe, karani wa sensa, alitumwa kazi ya taifa akaigeuza safari ya mapenzi na Mazoea, binti wa kijijini. Zamu ya kijana ilipofika, hakuwa na pa kwenda. Akaanza ukurasa wa kwanza kama alivyoukariri, akaisema hoja ileile kwa maneno mazuri zaidi, akaendelea mpaka pumzi ikamwishia. Wenzake walikuwa wanatazama chini. Kalamu yangu haikusogea.

Mkabala naye alikuwepo msichana ambaye katika mitihani ya kuandika hushika nafasi ya kumi na kitu. Alisema mara nne tu, na hakuna hata mara moja aliyofikisha dakika nzima. Mara ya kwanza aliuliza: "Mwenzangu, umesema Ngoswe ni mzembe. Naomba kuuliza, uzembe wake ulianza alipomwona Mazoea, au alikuja nao kijijini?" Vichwa vyote vikainuka. Vitabu vikafunguliwa. Dakika tano zilizofuata zilimchambua mhusika yule kuliko kipindi kizima nilichokuwa nimefundisha mimi. Msichana akapata alama za juu kuliko wote. Kijana, aliyejiandaa kwa saa nyingi kuliko wote, akawa wa nne.

Jioni alinifuata ofisini, macho mekundu. "Mwalimu, nilisoma kuliko wote. Nilikosea wapi?"

Nilimwomba anionyeshe karatasi zake. Zilikuwa safi, mwandiko mzuri, zimejaa kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nikamwambia kosa ndilo hilo. Katika kurasa tatu hakuacha hata mstari mmoja kwa ajili ya watu watano aliokuwa anakwenda kuzungumza nao.

Makala haya ni jibu refu zaidi la swali lake. Nawaandikia wanafunzi wanaosubiri mjadala wa kundi wenye alama, na walimu na wazazi wanaowaandaa. Nitakalolisema linatokana na jambo moja: mjadala huandaliwa tofauti na mtihani wa kuandika, kwa sababu nusu ya kitakachosemwa iko vinywani mwa wengine, na wewe bado hujaisikia.

Kwanza jua unapimwa nini

Wanafunzi wengi huingia kwenye mjadala wakidhani maksi ni za anayejua mengi. Walimu hutofautiana, lakini karatasi nyingi za alama nilizowahi kuzitumia au kuziona kwa wenzangu zina vigezo vinavyofanana: uelewa wa mada, ushahidi, namna unavyosikiliza na kujibu hoja za wenzako, lugha, na mchango wako katika kulisaidia kundi lifike mahali. Vihesabu. Viwili vya mwanzo unaweza kuvifanyia kazi peke yako na kitabu chako. Kile cha kusikiliza na kile cha kulisaidia kundi havipo kabisa mpaka watu wengine wawepo. Aliyekariri hotuba ameacha sehemu kubwa ya maksi mezani kabla hajafungua mdomo.

Wenzetu wa Kenya wameliweka jambo hili wazi katika mtaala wao wa umilisi. Kusikiliza na kuzungumza ni mada kamili katika somo la Kiswahili, na mwanafunzi hupimwa kama anazidisha matarajio, anafikia matarajio, anakaribia matarajio au bado yuko mbali nayo. Kusikiliza kumetangulia hata katika jina la mada. Hilo ni agizo zuri.

Wiki moja kabla ya mjadala, mwendee mwalimu na maswali manne. Vigezo ni vipi, na kila kimoja kina alama ngapi? Alama ni za mtu mmoja mmoja au za kundi zima? Tunaruhusiwa kuingia na kitabu na karatasi? Kutakuwa na mwenyekiti au tutajiongoza wenyewe? Usione haya. Majibu hayo yatabadilisha maandalizi yako. Kama alama ni za kundi, mwenzenu anayenyamaza ni mzigo wa wote, na mnapaswa kumsaidia mapema. Kama kitabu hakiruhusiwi, itabidi ushahidi wako uwe mfupi, unaokaa kichwani.

Mdahalo ni kitu kingine

Shule zetu zimezoea mdahalo. Wanafunzi hukusanyika ukumbini, upande unaounga mkono kulia, upande unaopinga kushoto, mwenyekiti katikati, mtunza muda na kengele yake, makofi yanapigwa. Ni shule nzuri ya ujasiri na naipenda. Lakini mazoea yake huwaponza wengi wanapoingia kwenye mjadala wa kundi.

Katika mdahalo unajua upande wako tangu mwanzo, na kazi yako ni kushinda. Katika mjadala wa kundi hakuna pande. Mmepewa swali moja, na kazi yenu wote ni kulifikisha mbali kuliko lilipokuwa mlipoanza. Ukibadili mawazo katikati kwa sababu mwenzako ameleta ushahidi mzito, katika mdahalo umeshindwa. Katika mjadala umeongeza alama, almuradi useme kwa nini umebadili.

Ukitaka mfano, usiutafute mbali. Kaa barazani na wazee jioni moja, usikilize tu. Mmoja anaanzisha habari ya mpaka wa shamba. Wa pili anaidaka, anakumbusha nani aliupanda ule mnazi wa pembeni. Wa tatu anasema, "Hapo umekosea kidogo, mnazi ulipandwa baada ya mafuriko." Wa kwanza anakubali, anaendelea kutoka hapo. Wanapoinuka kwenda kuswali au kula, habari imekaa sawa, na huwezi kusema imenyooshwa na nani. Mjadala wa darasani unataka hivyo hivyo, pamoja na ushahidi wa kitabu na saa ukutani.

Lipasue swali kabla ya kulijibu

Mwanafunzi akipewa mada, kitu cha kwanza anachokitafuta ni hoja. Ningependa atafute kwanza maana ya swali. Chukua lile la karatasi za sensa. Neno zito ni "alaumiwe". Kusababisha jambo na kulaumiwa kwalo ni kitu kimoja? Aliyezitia moto karatasi ni Mitomingi, baba yake Mazoea, kwa hasira. Aliyekabidhiwa karatasi hizo ni Ngoswe. Mmoja ana kiberiti, mwingine ana dhamana. Ukishaliona hilo, tayari una mlango ambao wenzako wengi hawajaufungua. Na kuna swali jingine chini yake: waliomtuma Ngoswe kijijini na kumwacha bila wa kumsimamia, wao hawamo?

Baada ya hapo ndipo usome tena, kalamu mkononi, ukitafuta ushahidi. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waukusanye kwa matabaka matatu.

Tabaka la kwanza ni kitabu chenyewe. Andika namba ya ukurasa. "Ngoswe alikuwa mzembe" ni maoni. "Ukurasa fulani, anafanya jambo hili wakati kazi inamsubiri" ni ushahidi. Mwenzako anaweza kuufungua ukurasa huo na mkausoma pamoja, na hapo mjadala unapata miguu.

Tabaka la pili ni kitabu kingine. Mazoea anamfuata Ngoswe na kuiacha nyumba ya baba yake. Sekai, katika Takadini ya Ben Hanson, naye anaondoka kijijini, lakini anaondoka ili kuokoa uhai wa mwanawe aliyezaliwa na ualbino. Wanawake wawili wanaondoka, na lawama haiwezi kupimwa kwa mizani moja. Mwanafunzi anayeleta ulinganisho wa namna hiyo anaonyesha kwamba amesoma akifikiri.

Tabaka la tatu ni maisha. Tanzania imehesabu watu wake mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Katika sensa ya mwisho, iliyoanza usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, tulihesabiwa watu 61,741,120, na makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi badala ya mafurushi ya karatasi. Mwanafunzi mmoja aliwahi kulitumia hilo vizuri sana. Alisema: "Leo Mitomingi angechoma kishikwambi. Kifaa kingeungua, lakini uzembe wa karani ungebaki palepale." Ushahidi wa nje ulirudi kwenye swali, ndiyo maana ulikuwa na thamani. Angetaja idadi ya watu na kuishia hapo, ingekuwa mapambo tu.

Na hapa nina neno kuhusu madesa, yaani majibu yaliyofupishwa ya kunakiliana. Najua yanazunguka, najua yanaokoa muda. Lakini mkiingia sita na desa moja, mna hoja tano zilezile mara sita. Wa kwanza atazisema zote na watano watabaki kuunga mkono. Gawaneni kusoma. Mmoja amsome Ngoswe, mwingine Mitomingi, mwingine wanawake wa tamthiliya, mwingine mazingira ya kazi. Kila mmoja aje na kitu ambacho wengine hawana.

Nusu karatasi

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Chana ukurasa mmoja wa kaunta buku, uukunje katikati kwa urefu, kisha uukunjue. Umepata pande mbili.

Upande wa kushoto andika hoja zako, zisizidi tatu. Kila hoja iwe mstari mmoja: maneno manne au matano, namba ya ukurasa, basi. Usiandike sentensi kamili. Sentensi iliyoandikwa huyavuta macho chini, na mtu anayesoma karatasi yake hawezi kumtazama mwenzake. Chini ya hoja andika maswali mawili ambayo kweli huna majibu yake. Nasisitiza neno kweli. Swali la kujionyesha hujulikana, na halizai kitu.

Upande wa kulia andika majina ya wenzako kutoka juu hadi chini, ukiacha mistari minne kati ya jina na jina. Basi, uache mtupu. Mwenzako akisema, andika mbele ya jina lake maneno matatu ya hoja yake. Weka alama ya kujumlisha kama unakubali na una la kuongeza, alama ya kuuliza kama hukuelewa, na mshale kama hoja yake inakwenda kugusana na ya mwingine. Utakapotaka kusema, anzia upande wa kulia, kwa jina la mtu, kisha uvuke kushoto kuchukua ushahidi wako. Ukifanya hivyo mara tatu tu katika dakika 20, umesikiliza, umejibu na umeunganisha, na mwalimu ameona.

Fanyeni mazoezi, na mchore ramani

Mazoezi ya mjadala hayafanyiki mbele ya kioo. Kusanyikeni, kama ni bweni wakati wa prepo, kama ni kutwa chini ya mwembe baada ya vipindi au Jumamosi nyumbani kwa mmoja wenu. Saa moja na nusu inatosha mizunguko mitatu.

Mzunguko wa kwanza, kila mmoja aeleze hoja zake kwa dakika moja bila karatasi. Ukikwama, hujaielewa hoja yako bado. Umeikariri tu.

Mzunguko wa pili ni mgumu na una faida kuliko yote: badilishaneni. Anayemlaumu Ngoswe amtetee. Anayemwonea huruma Mazoea amlaumu. Mtu akishawahi kusema kwa kinywa chake hoja ya upande wa pili, hawezi tena kuidharau, na siku ya mjadala haimshtui.

Mzunguko wa tatu ni mjadala kamili, saa ikiwa mezani, na mwenzenu wa saba akiwa nje ya duara na karatasi. Aandike majina yenu kwa duara kama mlivyokaa. Kila mtu anaposema akimjibu mtu, achore mstari kutoka jina hadi jina. Anayesema bila kumjibu yeyote, awekewe nukta pembeni ya jina lake. Mkimaliza, itazameni ramani hiyo pamoja. Nimeona ramani zenye mistari yote ikienda kwa mtu mmoja, kama njia za kijijini zinazokwenda kisimani: huyo mmemgeuza mwalimu, na nyinyi mmekuwa darasa lake. Nimeona jina limekaa pekee bila hata mstari. Nimeona jina lenye nukta tano na mstari hakuna, na mwenye jina alidhani ndiye aliyechangia kuliko wote. Ramani nzuri inafanana na ukili unaosukwa. Mistari inapishana, inarudi, hakuna jina lililoachwa.

Mahali simu zinaporuhusiwa, jirekodini pia. Sikiliza unasema "yaani" mara ngapi, na unamkata mwenzako mara ngapi. Masikio yako mwenyewe yatakufundisha haraka kuliko mwalimu.

Mkishakaa kwenye duara

Dakika mbili za mwanzo zitumieni kukubaliana mnajadili nini. Anayefungua hahitaji kuwa na jibu. Anaweza kusema: "Kabla hatujamtaja mtu, tukubaliane, kulaumiwa kuna maana gani hapa?" Huo ni ufunguzi wenye alama.

Kisha jifunze kuvuka kutoka kwa mwenzako kuja kwako. Tuna maneno mazuri ya kazi hiyo, na unapaswa kuyazoea mpaka yatoke bila kutafutwa: "Nimekusikia ukisema hivi, naomba niongeze." "Hapo nimesoma tofauti, tufungue ukurasa wa 12 tuone." "Naomba ufafanuzi kidogo." "Hoja yako na ya mwenzetu zinakutana mahali." "Turudi kwenye swali." Jihadhari na usemi mmoja tu, "Naunga mkono hoja," kisha mtu akarudia yaliyosemwa. Kuunga mkono kuna maana pale unapoleta ushahidi mpya, au unapoonyesha hoja inaishia wapi: "Nakubali Ngoswe alikuwa na dhamana, ila dhamana hiyo haimwondolei Mitomingi lawama ya mikono yake."

Na hoja yako ikichukuliwa na aliyekutangulia, kama ilivyomkuta yule kijana? Usihuzunike. Mwenzako amekuandalia kiti. Una njia tatu. Ongeza ushahidi ambao hakuutaja. Au pima mipaka ya hoja: inakwenda mpaka wapi, lini haifanyi kazi? Au iunganishe na nyingine iliyosemwa mapema. Njia yoyote kati ya hizo ina maksi kuliko hoja mpya iliyotupwa katikati bila kugusa chochote.

Ukikosea jambo, lirekebishe mara moja: "Nasahihisha, aliyefanya hivyo ni Mama Inda, si Mama Mazoea." Hakuna mwalimu makini atakayekukata kwa kujisahihisha. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui na uwaombe wenzako: "Hilo sikuliona, nani ana ukurasa?" Kimya cha sekunde chache pia kisiwatishe. Watu wanafikiri. Anayekimbilia kukijaza kwa maneno yoyote hulirudisha kundi nyuma.

Kutokubaliana ndiko kunakoupa mjadala uhai, na adabu ndiyo inayouwezesha kuendelea. Ligombee jambo, mwachie mtu heshima yake. "Wewe hujasoma" huumiza na hufunga mlango. "Mimi nimeisoma tofauti" huacha mlango wazi. Usimcheke aliyejikwaa ulimi. Usitazamane na rafiki yako wakati mtu anasema. Mwalimu huyaona hayo yote, na hata asingeyaona, yule mwenzako ameyaona, na hatasema tena.

Dakika tatu za mwisho, mmoja wenu akusanye: tulianza wapi, tumekubaliana nini, tumebaki tukitofautiana wapi. Si lazima mmalize na jibu moja. Kundi linaloweza kusema kwa usahihi linatofautiana katika nini limefanya kazi kubwa.

Anayesema sana na asiyesema kabisa

Karibu kila kundi lina watu hawa wawili, nao wote ni wa kusaidiwa.

Kama wewe ndiye msemaji, nakuomba ufanye jambo moja: ukishasema mara mbili, mara ya tatu umkaribishe mwingine. "Dada, wewe ulimsoma Mama Mazoea, unaonaje?" Hujapoteza zamu yako. Umetumia zamu kulisaidia kundi, na kigezo hicho kipo kwenye karatasi ya alama. Kama msemaji ni mwenzako na haachi nafasi, subiri avute pumzi, mtaje kwa jina, ishike hoja yake ya mwisho na uipeleke kwa mwingine: "Umetupa hoja tatu, naomba tuanze na hii ya mwisho. Nani ana jambo juu yake?" Hakuna aliyeaibishwa, na mlango umefunguka.

Kama wewe ni mkimya, nisikilize kwa makini, maana nimewafundisha wengi kama wewe na najua unyamavu si ujinga. Kadiri unavyochelewa kusema neno la kwanza ndivyo linavyozidi kuwa zito. Kwa hiyo lenga kusema ndani ya dakika tatu za mwanzo, na neno hilo liwe dogo. Swali moja linatosha, au hata kuomba mwenzako arudie. Ulimi ukishalowana, la pili ni jepesi. Kabla ya siku, mwambie rafiki mmoja kundini: "Nikikutazama, nikaribishe." Hiyo si hila. Watu wanaofanya kazi pamoja husaidiana hivyo.

Lugha

Katika mjadala wa Kiswahili, tumia Kiswahili sanifu kilicho hai. Maneno ya mtaani yana uzuri wake yakiwa mtaani. Hapa mwalimu anapima kama unaweza kuchagua lugha ya mahali. Wala usipande juu kupita kiasi. Aliyejaza misamiati asiyoizoea husikika kama aliyevaa koti la kuazima. Sema sentensi fupi, moja baada ya nyingine.

Kuna mtihani mwingine unaowanyamazisha wengi. Katika sekondari zetu za Tanzania masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi aliyekuwa anachangamka kwenye kipindi cha Kiswahili hugeuka jiwe kwenye mjadala wa Biolojia. Ushauri wangu ni huu. Lifikirie swali kwanza kwa lugha unayofikiria vizuri, ujue unataka kusema nini. Kisha chukua sentensi tano za Kiingereza za kuingilia mazungumzo, za kuongeza, kupinga kwa adabu, kuomba ufafanuzi, kukiri hujui na kufupisha, uzizoeze ulimi kila siku kwa wiki moja. Mara nyingi kinachokwama ni mlango wa kuingilia. Ukishaingia, maneno ya somo unayo, kwa sababu umeyasoma kwa lugha hiyo hiyo. Na wewe unayekimudu Kiingereza, usimcheke mwenzako anayekitafuta. Msaidie neno, umwachie hoja yake.

Siku yenyewe, na siku inayofuata

Usiku wa kuamkia mjadala, lala. Kukesha hakukupi hoja mpya, kunakuchelewesha masikio, na masikio ndiyo utakayoyahitaji. Asubuhi kunywa chai, kula chochote. Ingia na nusu karatasi yako na kitabu kilichowekwa alama kwenye kurasa zako tatu. Kaeni kwa duara, mwone uso wa kila mtu. Moyo ukidunda, weka miguu yote miwili sakafuni, vuta pumzi polepole, umsikilize anayesema. Kusikiliza kwa dhati hutuliza hofu, kwa sababu hofu hukufanya ujitazame mwenyewe, na kusikiliza hukugeuza umtazame mwingine.

Mjadala ukiisha, usikimbilie kuuliza umepata ngapi. Kabla karatasi haijapoa, andika chini yake mambo mawili: hoja gani ya mwenzangu ilinibadilisha, na wapi nilitaka kusema nikanyamaza. Hayo ndiyo maandalizi ya mjadala unaofuata.

Walimu wenzangu, tuwape vigezo mapema, tuvisome nao, na mara moja kwa muhula tuwaonyeshe mjadala mzuri sisi wenyewe, walimu wanne mbele ya darasa na swali lisilo na jibu la mkato. Wengi wao hawajawahi kuwaona watu wazima wakitofautiana bila kugombana. Wazazi, mezani jioni muulizeni mtoto anaonaje juu ya jambo la nyumbani, mwacheni amalize, kisha mumjibu alichosema. Mtoto aliyezoea kusikilizwa nyumbani haogopi duara.

Yule kijana aliniuliza alikosea wapi, nami nilimchania ukurasa wa kaunta buku palepale ofisini, nikaukunja katikati. Muhula uliofuata walijadili Takadini. Swali lilikuwa kama Sekai alikuwa na njia nyingine zaidi ya kuondoka. Kijana alikaa palepale kushoto, na kwa dakika nne za mwanzo hakusema. Aliandika. Kisha akainua uso, akamtaja mwenzake kwa jina, akasema: "Umesema Sekai alilazimishwa na mila. Mwenzetu hapa naye amesema aliondoka kwa hiari yake. Mimi naona nyote wawili mmeshika ukweli, na ukurasa niliofungua unaonyesha hoja zenu zinapokutana." Wenzake wawili wakageuka kumtazama, vitabu vikafunguka. Kalamu yangu ilikuwa inakimbia.

Kengele ilipolia walitoka wakiendelea kubishana mpaka kwenye foleni ya chakula, na karatasi yake akaisahau juu ya dawati. Niliiokota. Upande wa kushoto kulikuwa na mistari mitatu. Upande wa kulia ulikuwa umejaa majina ya wenzake na maneno yao, mishale inavuka huku na huku, hata pembezoni hapakuwa na nafasi iliyobaki.